Randa na Jembe Si Adui wa Kitabu

Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Lakini siku hizi kuna watu wanaosema ati mwanafunzi wa sekondari akionekana na randa au jembe, basi masomo yamemshinda. Mimi napinga, tena napinga kwa sababu jambo hili limenifika nyumbani kwetu.

Sisi tunakaa upande wa Lanet, kwa ploti ya futi 50 kwa 100. Nyuma ya nyumba baba ana meza ya useremala chini ya mabati matatu, na mama ana matuta ya sukuma wiki, managu na dhania. Tangu nikiwa darasa la nne, kazi yangu Jumamosi ni kumshikia baba mbao na kumwagilia mama mboga. Tumejenga kibanda cha kuku, rafu ya vitabu na hata meza ninayoandikia makala haya. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, mbao zikawa ghali, baba akaanza kununua paleti kuukuu na kuzibomoa. Kung'oa misumari ikawa kazi yangu. Jamani, mikono iliota sugu!

Muhula uliopita nikapata D katika hesabu. Baba hakupiga kelele. Alichukua randa, msumeno na patasi, akavifungia ndani ya sanduku na ufunguo akautia mfukoni. "Kuanzia leo wewe ni kitabu tu," akasema. Mjomba naye akaongeza, "Si niliwaambia? Huyo mtamfanya fundi wa jua kali." Kana kwamba fundi si mtu!

Hebu tuulizane, ni randa iliyoniangusha? Ukweli nitausema ingawa unaniaibisha. Kila jioni nilikuwa na simu ya mama, natazama mpira mpaka macho yaume. Randa niliishika Jumamosi tu. Mwenye kosa ni mwingine, na aliyefungwa ni mwingine.

Tena hesabu chache ninazozielewa vizuri nilizipata pale pale mezani kwa baba. Mama alipotaka tuta lenye ukingo wa mbao, baba alitia alama ubao mmoja kwenye sentimita 90 kutoka pembeni, na wa pili kwenye sentimita 120. Kisha akasogeza mbao mpaka kutoka alama hadi alama ikawa 150 kamili. "Hapo kona imekaa sawa," akasema. Kumbe ni Pythagoras, ile tatu, nne, tano ya ubaoni darasani!

Na kilimo je? Udongo wetu ni mwepesi, maji hayakai. Nikajifanya mjuzi, nikachanganya vumbi bichi la mbao na udongo wa tuta. Baada ya wiki chache sukuma zote zikawa manjano. Mama alinikasirikia sana, maana hiyo ndiyo mboga yetu ya kila siku. Mwalimu wa Kilimo ndiye aliyenieleza kwamba vijidudu vinavyoozesha vumbi la mbao hunyang'anya mimea naitrojeni. Sasa tunalichanganya na mbolea ya kuku na kuliacha lioze kwanza. Swali hilo likija katika mtihani, nani atanibabaisha?

Najua wapinzani wangu watasema kuna watoto wanaofanyishwa kazi mpaka usiku, hata vitabu hawafungui. Hayo ni mateso, siyaungi mkono hata kidogo. Ninachotetea mimi ni Jumamosi asubuhi tu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wanafunzi wa shule za msingi walifundishwa ufundi. Baba mwenyewe alijifunza huko kushika msumeno. Baadaye somo hilo likaondolewa. Leo wadogo zetu wa mtaala mpya wanaagizwa tena miradi ya mikono, na wazazi wengine wanakimbilia kuinunua madukani. Tunamdanganya nani?

Kwa hivyo nawaomba wazazi, mtoto akianguka mtihani, tafuteni kwanza kilichomwangusha kabla ya kumnyang'anya kazi anayoipenda. Nanyi wenzangu wa shule ya kutwa, sisi tunalala kwetu kila siku, wenzetu wa bweni hawana bahati hiyo. Tusione haya kushika jembe.

Simu nimeshamrudishia mama, na kila jioni niko na hesabu. Ufunguo wa sanduku bado uko kwa baba. Jarida hili nitampelekea mwenyewe, nalo nitaliweka juu ya sanduku.

Ni mimi mwanachama wenu,
Kidato cha Tatu.