Siri Iliyomo Katika Kadi ya Simu
Fundi wa simu katika mitaa ya Kariakoo aweza kukibadilisha karibu kila kipuri cha simu. Kipo kimoja asichokigusa: chipu ya kadi ya laini, iliyo ndogo kuliko ukucha.

Ndani yake mna kompyuta kamili: kichakata, kumbukumbu za aina kadhaa na, katika kadi nyingi za siku hizi, sehemu maalumu ya kukokotoa hesabu za siri kwa haraka. Humo umehifadhiwa ufunguo wa biti 128, ambao hata mwenye laini haujui. Mtandao hutuma namba ya kubahatisha. Chipu huichanganya na ufunguo, kisha hurudisha jibu. Ufunguo wenyewe hautoki. Kweli, mwaka 1998 watafiti nchini Marekani waliupata kutokana na majibu hayo, lakini kosa lilikuwa katika kanuni ya hesabu iliyoitwa COMP128, wala si katika silikoni.

Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, akiba ya wachuuzi wengi imo mikononi mwa kadi hiyo. Hata hivyo mwizi hana haja ya kuivunja chipu. Akimhadaa wakala, au akishirikiana naye, hupata kadi mpya yenye ufunguo wake, na mtandao humtambua yeye. Namba ya siri humlaghai mwenyewe aitaje.

Basi kuusifu ubora wa chipu peke yake ni kuwapotosha wananchi. Yafaa iwe sharti kwamba laini isihamishwe kabla ya kadi ya zamani kuarifiwa, na huduma za fedha zisimame kwa muda. Mchuuzi atanung'unika kwa kucheleweshwa, hasa siku ya kupokea mzigo.