Objektifu inaitwa pana, lakini ukuta hauenei



Mu vikao vya sendika kuna wazo moja linarudi kila mara: franga za kotizasio zinunue objektifu ya milimetri 24, ile ya kamera kubwa za wapiga picha, tuikaze ku kamera yetu ndogo. Wanasema ni pana, itasaidia ku dosie za nyufa. Sisi tunasema: tupige hesabu kwanza.

Kwa nini tunaongea kamera mbele ya wachimbaji? Juu baruti ikilia ku karieri, nyumba zetu zinatikisika. Komisio ikikuja, swali la kwanza ni: huu ufa uko wapi? Picha ya ufa peke yake, bila dirisha, bila mlango, bila pembe ya chumba, haijibu kitu.

Ile 24 iliyoandikwa ku objektifu haidanganyi. Lakini upana wake unahesabiwa kwa kamera yenye kapteri ya milimetri 36 kwa 24. Kamera yetu ni ya APS-C: kapteri yake iko na upana wa milimetri 22 ao 23 hivi. Objektifu inamwaga picha kubwa, kapteri inakamata paka katikati, pembeni kote kunaanguka inje. Njo maana watu wa kazi wanazidisha: mara 1,5 kwa Nikon na Sony, mara 1,6 kwa Canon. Ile 24 inaona kama 36 ao 38.

Tupime mu chumba. Simama metre 4 mbele ya ukuta. Kamera ya kapteri kubwa, na objektifu ya 24, inaona metre 6 za ukuta. Kamera yetu, na 24 ileile, haifikishi metre 4. Kuona zile 6, lazima urudi nyuma mpaka metre 6 na zaidi. Utarudia wapi? Mgongo uko tayari ku ukuta wa nyuma.

Na hapa njo panauma: ile objektifu ya 18-55 yenye kuuzwa pamoja na kamera, ile watu wanaizarau juu ni ya plastiki, ukiiweka ku 18 inaona metre 5 hivi. Tutoe franga mingi ili tuone kidogo?

Hatusemi ile 24 ni mbaya. Ku kamera ndogo inatumia katikati ya kioo, penye picha iko safi kuliko pembeni. Kama inafunguka mpaka f/1,8, inaingiza mwanga karibu mara 4 kuliko f/3,5 ya ile ndogo. Chini ya ardhi ni msaada mkubwa. Kwa mkono ulioumia, kwa karatasi ya malipo, ni muzuri. Mwenye kuwa nayo asiiuze.

Wengine wanasema: kesho tutanunua kamera kubwa, objektifu itakuwa inangoja. Lakini nyufa hazingoji, na mama mwenye kulala chini ya ule ukuta analala leo.

Tunapendekeza hivi. Tumieni 18-55 ku 18: picha ya chumba chote, kisha ya ukuta, kisha ya ufa na metre ya kupimia kando yake. Franga zikipatikana, tutafute objektifu iliyotengenezwa kwa kapteri ndogo, 10-18 ao 10-20. Ku 10, ukisimama metre 4, unaona karibu metre 9. Lakini angalieni: inavuta vitu vya pembeni. Ufa ukae katikati, usionekane mrefu kuliko ulivyo, mpinzani asipate pa kushika.

Muuzaji akionyesha namba ku pete ya objektifu, delege amuulize: pana ku kamera gani? Kotizasio ni jasho ya watu. Inunue metre za ukuta, isinunue jina.