Mto Uliogeuzwa Kwenye Karatasi

Jina la Tura ni amri. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapo pamoja na John Hanning Speke mwezi Oktoba 1857, alieleza katika kitabu chake cha 1860 kwamba maana yake ni kumwambia mpagazi atue mzigo. Msafara uliotoka pwani ulikuwa umekwisha kuvuka Ugogo na hongo zake, yaani ushuru wa kupita, kisha Mgunda Mkali na kiu yake, na hapo Tura ndipo Unyamwezi ulipoanzia. Mpagazi alipotua, mzigo uliacha kuwa maumivu ya bega ukawa hesabu: zimebaki doti ngapi za nguo ya merekani, fundo ngapi za shanga, nani katoroka na kaondoka na nini. Toleo hili linauliza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina uhusiano na bega la mpagazi: je, ulimwengu ulio nje yetu, pamoja na namba tunazouhesabia, upo hata pasipo akili ya kuufikiri? Waandishi wetu hawakubaliani, na sikutaka wakubaliane. Mimi nasimama na wanaosema upo, na namba nazo zipo. Shahidi wangu ni makosa, na njia hiyo ya misafara, njia ya Tabora, ina makosa tele.

Chukua kosa moja. Februari 1858 Burton na Speke waliliona Ziwa Tanganyika, na ili kujua mwinuko wake walichemsha maji. Kadiri mtu anavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua na maji huchemka mapema zaidi, yapata nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Basi mtu anachemsha maji, anatia kipimajoto, anangoja zebaki itulie, anasoma. Walichosoma kiliwapa futi kama 1,850, yaani mita 564 hivi. Ziwa liko mita 773 hivi. Kipimajoto walichobaki nacho kilikuwa duni, na kosa lote hilo la zaidi ya mita 200 linatokana na pungufu ya nyuzi moja, tofauti ndogo mno kwenye kioo. Namba hiyo ilichapishwa, ikaaminiwa na watu wenye elimu kubwa, ikajengewa hoja. Ziwa halikushuka hata inchi moja ili liwaridhishe.

Hadithi ya mto ni kali zaidi. Aprili 1858 wasafiri hao walifika Uvira, kaskazini ya ziwa, wakakaribia mdomo wa Rusizi bila kuufikia. Watoto wa mtawala wa huko waliwaambia kwamba mto unaingia ziwani. Mwaka 1864, akiwa Uingereza na akigombania sifa ya chanzo cha Nile, Burton aliugeuza mto ule: sasa alishikilia kwamba unatoka ziwani kwenda kaskazini, ili Tanganyika ipate kuwa mama wa Nile. Wengine walimfuata, ramani zikachorwa, mabishano yakapamba moto mezani. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji wakaenda kutazama. Rusizi ilikuwa inaingia, kama walivyosema watu wa Uvira. Miaka saba mto uliishi maisha mawili, moja kwenye karatasi na moja kwenye bonde lake, na kwenye bonde hakuna aliyeuona ukisitasita.

Hapo ndipo anaposimama mfuasi wa George Berkeley, askofu wa Ireland aliyeandika mwaka 1710 kwamba kuwapo kwa kitu ni kutambuliwa kwake na akili. Atasema: hata Livingstone hakufikia mto wenyewe, alifikia rangi, sauti, ubaridi wa maji mkononi, na vyote hivyo vimo akilini. Umelinganisha fikra na fikra, hujatoka nje ya nyumba. Hoja hii haipuuzwi kwa kupiga teke jiwe, kwa sababu maumivu ya kidole nayo ni fikra. Lakini inadaiwa maelezo. Kama mto ni mkusanyo wa tunavyotambua, kwa nini utambuzi wa 1871 haukufuata matarajio ya 1864? Kitu kilichotungwa na akili kingetii akili, angalau mara nyingi kuliko hivi. Berkeley mwenyewe aliuona ugumu huo, akajibu kwamba vitu vinashikiliwa na akili ya Mungu wakati sisi hatuvitazami. Namheshimu kwa jibu hilo, ila kwa swali letu amekubali jambo na kubadilisha anwani tu: mto haututegemei mimi, wewe wala Burton.

Namba ni kazi ngumu zaidi, na hapa wapinzani wangu wana silaha bora. Wa kwanza atanionyesha biashara ile ile ya misafara. Nguo ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Mnunuzi alimtafuta mtu mrefu apime, muuzaji alimtaka mfupi. Furushi moja la nguo, basi, ni mzigo 1, au doti kadhaa, au shuka mara mbili ya hizo, au mikono isiyojulikana mpaka tujue mikono ya nani. Idadi iko wapi hapo isipokuwa kichwani mwa anayehesabu? Ataongeza saa ya stesheni: wenye ratiba huandika 07:00, abiria anasema saa moja asubuhi, na treni ni ile ile.

Gottlob Frege, Mjerumani, aliliona jambo hili mwaka 1884 na akalijibu vizuri kuliko nitakavyojibu mimi. Ni kweli swali la ngapi halina jibu mpaka useme ngapi za nini. Kuchagua doti au shuka ni hiari yetu. Ukishachagua, hiari imekwisha. Mwenye shuka 40 ana doti 20, na hakuna ubishi, ujanja wala urefu wa mkono utakaomfanya awe nazo 21. Kiswahili kinatusaidia kutenganisha mambo haya, maana kina tarakimu na kina idadi. Tarakimu na majina ni yetu, tena tunayabadilisha kama nguo: sita na saba tumezitoa katika Kiarabu, na kabla yake palikuwa na mtandatu na mfungate, ndugu wa mpungati ya Kinyamwezi. Mfungate imebaki imejificha katika fungate ya maharusi. Jina lilipohama, siku za fungate hazikupungua.

Tazama hesabu 61. Ziwe kete, ziwe pembe. Jaribu kuzipanga katika safu zilizo sawa: kwa 2 inabaki moja, kwa 3 inabaki moja, kwa 4 na kwa 5 vilevile, kwa 7 zinabaki tano. Endelea upendavyo, isipokuwa umeweka safu moja au kete mojamoja, hazipangiki. Mtemi, ambaye cheo chake chatokana na kutema, yaani kukata shauri, angeweza kupandisha hongo, kufunga njia, hata kupigana na Waarabu wa Tabora kama alivyofanya Mirambo kuanzia 1871. Kuamuru 61 igawanyike kwa haki hangeweza.

Mpinzani wa pili, mwanafunzi wa Immanuel Kant, atasema ni kwa sababu akili za watu zimeumbwa kwa kalibu moja: wote tunakwama kwenye 61 kwa kuwa wote tunahesabu namna moja. Naona kalibu inaeleza mapatano, haielezi kusahihishwa. Katika karne ya 17 Pierre de Fermat, Mfaransa, aliamini kwamba namba za mfululizo fulani, 3, 5, 17, 257, 65,537, na nyingine zote zitakazofuata, ni namba tasa. Inayofuata ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641 bila baki. Ilikuwa inagawanyika siku Fermat alipoandika kinyume chake. Ilikuwa inagawanyika kabla hajazaliwa, na hakuna kichwa kilichokuwa kimewahi kuifikiri hivyo. Ukisema Euler ndiye aliyeifanya igawanyike, itabidi useme pia kwamba Livingstone ndiye aliyeigeuza Rusizi.

Limebaki pingamizi ambalo sina jibu lake kamili. Mwanafalsafa Paul Benacerraf aliuliza mwaka 1973: kama namba hazina mahali, hazina uzito, hazigongani na kitu, tunazijuaje? Mto hunilowesha, 61 hainigusi. Nadhani kosa liko katika kudhani kwamba kujua ni kuguswa tu. Anayepanga kete na kukwama hajaguswa na 61, lakini amejifunza jambo juu yake, na angejifunza lilelile kwa mawe au kwa vijiti. Hilo halielezi namba ni kitu cha namna gani, nakiri. Linatosha kukataa kwamba ni mali ya fikra.

Na tofauti kati ya mto na namba si ndogo, kama tunavyoiona kwenye mto Lukuga. Mei 1874 Verney Lovett Cameron aliwasili hapo, magharibi ya Tanganyika, akatangaza kwamba ndipo ziwa linapomwagikia kuelekea Kongo. Stanley akaja 1876, akakuta matete na matope, maji hayaendi, akasema Cameron amekosea. Edward Hore wa misheni ya London alipofika 1879 aliukuta mto unakwenda kwa nguvu. Hapa aliyetaka kumtafuta mwongo amepoteza muda wake, kwa sababu ziwa lilikuwa likipanda, na lilipofika kimo cha kizuizi hicho cha matete na matope lilikivunja likapita. Kila mmoja anaweza kuwa aliandika alichokikuta. Sentensi juu ya Lukuga haina budi kubeba tarehe yake, kama mzigo unavyobeba alama ya mwenyewe. Sentensi juu ya 61 haina tarehe ya kubeba, na baadhi ya kurasa zinazofuata zinashikilia kwamba hiyo ndiyo dalili ya kitu kisichokuwapo. Mimi huisoma dalili hiyohiyo kinyume chake.