Kafyu ya Corona Iliingia kwa Mlango Gani?

Likoni, tarehe 27 Machi 2020. Kafyu ilikuwa ianze saa moja usiku. Saa yenyewe hata haijafika, watu waliokuwa wakisubiri feri warudi makwao wakapigwa virungu na kurushiwa vitoza machozi. Siku tatu baadaye huko Nairobi, mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao. Akafa.

Tulilia, tulikasirika, tuliposti. Lakini wangapi wetu tuliuliza amri ile ilitoka kwa sheria gani?

Katiba ya 2010 ina kifungu cha 58. Rais akitangaza hali ya hatari, iwe ni kwa sababu ya vita, fujo au janga la asili, tangazo haliwezi kupita siku 14. Akitaka liendelee, lazima thuluthi mbili ya wabunge wote wakubali, tena kwa miezi miwili pekee. Nyongeza ya pili inataka robo tatu. Na Mahakama ya Juu inaweza kuamua kama tangazo ni halali.

Mlango huo haukuguswa. Kafyu ilitoka kwenye sheria ya utulivu wa umma, Sura ya 56, ambayo mkoloni aliitunga mwaka 1950. Hapo waziri anatia sahihi kwa ushauri wa Inspekta Jenerali wa Polisi, basi. Bunge halipigi kura. Ilianza kama ya siku 30, ikaongezwa, ikaongezwa tena, mpaka 20 Oktoba 2021. Hiyo ni karibu miezi 19!

Chama cha Mawakili kilienda kortini. Aprili 2020 Mahakama Kuu ikasema kafyu yenyewe ni halali, ila nguvu waliyotumia polisi ilivunja Katiba. Kwa aliyevunjwa mkono tayari, huo ni ushindi nusu.

Sisemi serikali isiwe na nguvu. Mafuriko ya 2024 tuliyaona. Maji yakiwa mlangoni hakuna anayetaka mjadala wa wiki mbili. Lakini muswada wowote wa majanga ukiletwa kwa maoni ya umma, usiishie kusoma kichwa. Nenda pale penye mamlaka ya waziri na polisi, utafute vitu viwili: amri inaisha lini, na ni nani anapiga kura kuiongeza. Ukikosa, andika hivyo kwenye memoranda yako, hata kwa Kiswahili, na uipeleke kabla siku ya mwisho haijapita.