Kosa la Lugha Lisahihishwe, Mwenye Kosa Asichekwe

Mtu ateremkaye kutoka Kicukiro kuelekea Bugesera, kabla hajalifikia daraja la mto Nyabarongo, hupita Gahanga. Hapo, kama ilivyo katika vitongoji vyote vya Kigali vinavyokua, kuta husema kabla ya watu. Kila duka lina kibao chake, na vingi kati ya vibao hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza.

Tumevisoma baadhi ya vibao vya namna hiyo. Kimoja kilitangaza kwamba wenye duka wanauza "lice", wakikusudia mchele. Kumbe kwa Kiingereza neno hilo ni chawa. Kingine, cha kinyozi, kiliandikwa "Hair cut's", na ile ritifaa imekaa pale kama mgeni asiyealikwa. Cha tatu kilibandikwa mlangoni: "Closed the door". Hayo si maombi kwamba mlango ufungwe, bali ni taarifa kwamba kuna mtu aliyekwisha kuufunga.

Wapo wanaosimama mbele ya vibao hivi wakacheka, wakavipiga picha na kuwapelekea wenzao. Sisi tunasema kwamba kicheko hicho hakina faida, na pengine kina hasara. Lakini tunasema vile vile kwamba makosa hayo yasiachwe. Hizi ni hoja mbili, na hatuna budi kuzieleza zote mbili.

Kwanza, yafaa tukumbuke makosa haya yalikotoka. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 ilitaja lugha tatu rasmi: Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mwaka 2007 nchi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2009 ikaingia katika Jumuiya ya Madola. Kati ya matukio hayo mawili, mwaka 2008, Serikali iliamua kwamba Kiingereza ndicho kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Utekelezaji ulianza mwaka uliofuata. Maelfu ya walimu waliosoma kwa Kifaransa tangu utoto wao walitakiwa kusimama mbele ya watoto na kufundisha hesabu na sayansi kwa lugha ambayo wao wenyewe walikuwa wakijifunza. Mwaka 2011 madarasa matatu ya kwanza yalirudishiwa Kinyarwanda. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba yatarejea tena katika Kiingereza. Mtu aliyekua katika mabadiliko hayo, kisha akaandika kibao chenye herufi moja iliyopotea, hastahili kuitwa mjinga.

Pili, makosa yenyewe yana sababu, na sababu zake zinaeleweka. Katika Kinyarwanda, L na R si sauti mbili zinazotenga maana ya neno na neno. Jina la Kigali huandikwa kwa L, lakini ulimi wa mwenyeji hulitamka mahali palipo katikati ya sauti hizo mbili. Ndiyo maana mchele wa Mwingereza hugeuka chawa. Nasi Waswahili tusijitie usafi: ni mara ngapi tumesoma tangazo likiwahimiza wananchi wakapige "kula" siku ya uchaguzi?

Hali kadhalika, Kinyarwanda na Kiswahili havitengi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi. Sisi husema "amekuja", na aliyekuja aweza kuwa baba au mama. Basi mtu akimwita dada yake "he", hajamdharau dada yake. Amefuata mantiki ya lugha aliyonyonya. Naye aliyesoma kwa Kifaransa huandika "informations" kwa wingi kwa sababu Kifaransa huruhusu, na husema kwamba "ana" miaka 20 kwa sababu Mfaransa, kama Mswahili, huwa na miaka.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii. Mwulize mtu wa kwetu, "Hujala?" naye kama hajala atajibu, "Ndiyo, sijala." Anakubaliana na swali. Mwingereza aliyeulizwa vivyo hivyo hujibu "No". Sasa fikirini mgonjwa katika kituo cha afya anaulizwa kwa Kiingereza na mganga mgeni kama kweli hajameza dawa yoyote tangu asubuhi. Mgonjwa anasema "Yes", akikusudia kwamba hajameza. Mganga anaandika kwamba amemeza. Hapo hatuchezi tena na vibao vya maduka.

Kwa hiyo tunafika kwenye hoja yetu ya pili. Yako makosa yanayochekesha na yako makosa yanayoumiza, na mara nyingi yanayoumiza ndiyo madogo zaidi kwa macho. Mfaransa huandika moja na nusu kwa mkato: 1,5. Mwingereza huandika kwa nukta: 1.5. Tena Mwingereza hutumia mkato kutenga maelfu, hali wengi waliosoma kwa Kifaransa hutumia nukta kwa kazi hiyo hiyo. Katika nchi iliyopitia lugha hizi mbili, mtu akiona 1.500 katika daftari aweza kusoma elfu moja na mia tano, au akasoma moja na nusu. Katika duka, bei humwonyesha ukweli. Lakini katika cheti cha dawa, 0,5 iliyopotezewa mkato wake yaweza kusomwa 5, na mgonjwa akapewa mara kumi ya kipimo alichoandikiwa.

Wala asidhani mtu kwamba mashaka haya ni ya wanaojifunza peke yao. Huko Marekani, katika jimbo la Maine, sheria ya malipo ya saa za ziada ilitaja orodha ya kazi zisizolipiwa malipo hayo, na katika orodha hiyo ukakosekana mkato mmoja karibu na mwisho. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai kwamba bila mkato huo kazi yao ya kusambaza bidhaa haimo katika orodha. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona kwamba maneno hayo yana utata, ikaamua kwa upande wa madereva. Mwaka 2018 shauri likamalizika kwa makubaliano ya dola milioni 5. Hao ni watu waliozaliwa ndani ya Kiingereza.

Je, lifanyike nini?

Tunaona kwamba ukali uwekwe mahali pake. Katika mkataba wa kiwanja, katika cheti cha dawa, katika daftari la fedha na katika karatasi ya mtihani, kila mkato na kila nukta vikaguliwe na macho zaidi ya mawili. Na pale ambapo Kiingereza hakihitajiki, kisilazimishwe. Muuza mchele wa Gahanga ambaye wateja wake wote ni majirani zake angeandika "umuceri", na chawa wasingepata nafasi. Akitaka Kiingereza, basi kabla fundi hajachovya brashi katika rangi, mwalimu wa jirani aulizwe. Swali halina gharama; rangi ina gharama.

Aidha, tunawaomba walimu wasahihishe kwa kutumia kile ambacho mtoto anacho tayari. Ritifaa inawatesa wanafunzi wengi wa Kiingereza, nayo imo katika jina la nchi yao: "Repubulika y'u Rwanda". Mtoto wa Kinyarwanda anajua kwamba alama ile inasimama mahali pa irabu iliyoanguka. Aelezwe kwamba katika "don't" alama hiyo hiyo inasimama mahali pa herufi iliyoanguka, naye hatasahau. Vivyo hivyo na ile "s" ya kitendo inayowasumbua wengi. Kinyarwanda kina ngeli 16, na mtoto wa miaka sita huzipatanisha akicheza bila kukosea. Mwenye uwezo huo hawezi kushindwa na "s" moja, ila kama ametiwa hofu.

Na hofu ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Mtoto aliyechekwa kwa kusema "lice" hatajifunza kusema "rice", atajifunza kunyamaza. Atanyamaza katika somo la hesabu ambalo jibu lake analijua. Atanyamaza mbele ya mganga. Atatia saini mkataba asiouelewa, kwa kuona haya kuuliza maana ya neno. Taifa likiwa na watu wengi wa namna hiyo, Kiingereza kitakuwa kimekuwa ukuta, hali kililetwa kiwe mlango.

Gahanga yenyewe ina somo la kutufundisha. Mwaka 2017 ulifunguliwa hapo uwanja wa kriketi, mchezo uliotoka Uingereza, wenye kanuni ngumu kuliko za ritifaa. Kijana anayeanza huupeleka ubao kushoto na mpira ukapita kulia. Mwalimu wake hakai chini kucheka. Humsogeza kiwiko, humwonyesha mahali pa kuweka mguu, kisha humwambia arudie.

Hivyo ndivyo tunavyotaka Kiingereza kifundishwe, na Kiswahili pia, ambacho tangu mwaka 2017 nacho ni lugha rasmi nchini humo. Siku wenyeji wa Gahanga watakapoandika vibao vyao kwa lugha yetu, nasi tutakuta humo L mahali pa R. Tuchukue kalamu tusahihishe, na tuwashukuru kwa kuandika.