Tamko kwa Umma: Amri ya Kukaa Nyumbani Ije na Pesa ya Kukaa Nyumbani

Sisi, wanachama wa chama cha wahudumu wa afya ya jamii katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, tunatoa tamko hili kwa Wizara ya Afya, Hazina ya Taifa, serikali ya kaunti, wabunge na umma wa Kenya. Linahusu mlipuko ujao wa maradhi, ambao hakuna ajuaye jina lake wala mwaka wake. Limetokana na tuliyoyaona katika ule uliopita.

Tangu kisa cha kwanza cha korona kitangazwe nchini Machi 13, 2020, sisi ndio tuliotumwa kubisha hodi. Wengi wetu tulikuwa watu wa kujitolea. Posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ilikuja mwaka 2023, janga likiwa limekwisha kupita. Ujumbe tuliopewa ulikuwa mfupi: nawa mikono, vaa barakoa, mwachie mwenzako nafasi, kaa nyumbani. Tuliusema kama ulivyo, mbele ya watu sita wanaolala katika chumba kimoja cha mabati, wanaonunua maji kwa mtungi, ambao chakula chao cha jioni hutegemea kibarua cha asubuhi hiyohiyo. Hakuna aliyetubishia. Walitusikiliza kwa adabu, kisha wakaenda kutafuta kazi.

Msimamo wetu ni kwamba watu hawa hawakukosa elimu ya afya. Walikosa pesa ya kuitii. Na serikali ilipotoa nafuu, iliipitisha kwenye karatasi ya mshahara, mahali ambapo wao hawapo.

Machi 25, 2020, siku mbili kabla ya kafyu kuanza, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hatakatwa kodi ya mapato, na kwamba kiwango cha juu cha kodi hiyo kitashuka kutoka asilimia 30 hadi 25. Hiyo ilikuwa nafuu njema kwa mwenye mwajiri anayemkata kodi. Lakini ukiwaacha kando wakulima wadogo, zaidi ya wanane katika kila Wakenya kumi wenye kazi wako katika sekta isiyo rasmi. Mama fua anayesubiri kando ya barabara kuitwa hana kodi ya kupunguziwa. Ushuru wa VAT nao ulishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Unga wa mahindi na sukuma wiki havikuwa vikitozwa ushuru huo tangu mwanzo, kwa hiyo aliyeuona unafuu ni mnunuzi wa televisheni.

Hatusemi kwamba wanyonge walisahauliwa kabisa. Mpango wa Kazi Mtaani uliwapa vijana wetu ujira, na ada ya M-Pesa iliondolewa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Kulikuwa pia na mpango wa kutuma shilingi 1,000 kwa wiki kwa familia zilizoelemewa. Mpango huo Human Rights Watch iliuchunguza ikakuta kwamba familia zilizofikiwa katika mitaa ya mabanda zilikuwa chache mno, na kwamba wengi hawakujua majina yaliteuliwaje. Sisi tulioulizwa kila siku "mbona jina langu halimo?" hatukuwa na jibu, kwani orodha hiyo hatukuonyeshwa.

Wakati huohuo gharama za kuishi zilipanda. Matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba 8, na nauli ikapandishwa kwa yule yule abiria. Mei 2020, nchi nzima ikiwa imeambiwa ibaki ndani, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi katikati ya mvua. Serikali ileile iliyowaambia watu wakae nyumbani iliwaondolea nyumba.

Tunajua tutakachojibiwa: vifo vilivyorekodiwa rasmi havikufika 6,000 nchi nzima, na mitaa ya mabanda haikuzika watu kama ilivyohofiwa. Kwamba wakazi wetu wengi ni vijana kulisaidia, na tunashukuru. Lakini hesabu ile ilimhesabu aliyepimwa, na kipimo kilikwenda alikokwenda mwenye nauli na muda. Madhara mengine yaliingia kwenye madaftari tofauti. Duniani kote, waliogunduliwa kuwa na kifua kikuu walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020, na si kwa sababu ugonjwa ulipungua. Wagonjwa walikaa nao nyumbani. Hapa Nairobi, kafyu iliwakuta wajawazito wakiwa na uchungu usiku bila gari, hadi Dkt. Jemimah Kariuki na wenzake wakalazimika kupanga usafiri wa bure wa kuwafikisha hospitali. Mwenye gari lake hakuhitaji mpango huo.

Kwa waliougua sana, nchi ilianza janga ikiwa na vitanda 537 vya wagonjwa mahututi, na ni kaunti 22 tu kati ya 47 zilizokuwa na walau wodi moja ya aina hiyo. Vitanda vya hospitali za binafsi vilifunguliwa kwa amana ambayo mchuuzi haipati kwa miaka. Machi 2021, dozi za kwanza za chanjo kutoka mpango wa kimataifa wa COVAX zikiwa zimewasili majuma machache nyuma, chanjo ya Sputnik V ilikuwa ikiuzwa jijini kwa takriban shilingi 8,000 kwa dozi. Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa chanjo wa kibinafsi mwanzoni mwa Aprili. Tuliunga mkono uamuzi huo wakati ule na tunauunga mkono leo.

Mei 2025 mataifa yalipitisha mkataba wa majanga huko Geneva. Unazungumzia chanjo zitakavyogawanywa kati ya nchi na nchi, nasi tunaupokea. Kati ya Muthaiga na Mathare, hata hivyo, hakuna mpaka wa kimataifa, na mgao wa hapo ni kazi ya Bunge letu.

Kwa hiyo tunataka sheria itakayoizuia serikali kutoa amri ya kafyu au ya kufunga mji kabla malipo ya wiki ya kwanza hayajatumwa kwa kaya zisizo na mshahara. Orodha ya kaya iandaliwe sasa, wakati wa utulivu, ihakikiwe mtaa kwa mtaa nasi tunaozijua nyumba hizo, na ibandikwe hadharani ofisini kwa chifu ili asiyemo alalamike mapema. Ubomoaji na ufukuzaji wa wapangaji usitishwe kisheria muda wote wa dharura. Matibabu ya ugonjwa wa mlipuko yasidaiwe amana, katika hospitali yoyote.

Kuhusu bima ya afya ya taifa inayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, lakini asiye na mshahara anatakiwa alipie mwaka mzima kwa mkupuo au akope kupitia Lipa SHA Pole Pole. Mtu wa kibarua aruhusiwe kulipa kwa wiki bila mkopo, na asifungiwe mlango akikosa wiki mbili tatu za mafuriko au maradhi.

Tunaiomba Hazina ya Taifa ijibu hoja hizi kwa maandishi, ikitaja kiasi itakachotenga, kabla bajeti ijayo haijasomwa bungeni mwezi Juni.