Kuku wa Kichina: Usilipie unga na sukari

Ijumaa imefika, M-Pesa ina kitu kidogo, na wewe na mabeste mmekubaliana leo ni chakula cha Kichina, kiletwe hadi mlangoni. Menyu iko kwenye simu: kuku wa machungwa, kuku wa simsim, kuku wa Jenerali Tso, kung pao. Utachukua gani?

Msimamo wangu ni huu: kama kinakuja na boda, chukua kung pao. Hao wengine wangoje siku utakayoenda kuketi mkahawani.

Kuku wa machungwa, wa simsim na wa Jenerali Tso ni ndugu wa tumbo moja. Wote hukatwa vipande, huvikwa unga, hukaangwa kwa mafuta mengi, kisha humwagiwa mchuzi mzito wa sukari. Mmoja ana ladha ya chungwa, mwingine simsim, na Jenerali ana pilipili kiasi. Basi. Vikitoka jikoni ni vitamu, sikatai. Lakini ukivifungia kwenye mkebe, mvuke unakosa pa kutokea. Ongeza jam ya Ngong Road, na kufika kwako lile ganda limelowa kama mandazi iliyosahaulika kwenye chai. Hapo umelipia nini?

Kung pao haina ganda nene la kulowa. Ni vipande vidogo vinavyopikwa chapchap kwa moto mkali na pilipili kavu, kitunguu na karanga. Hata ukibakisha, kesho unapasha kwa sufuria na maisha yanaendelea. Kama karanga hukudhuru, hapo sina la kukushauri, iache kabisa.

Najua kuna wajuaji watakaokuambia ukatae Jenerali Tso kwa sababu "si ya Wachina halisi." Hiyo hoja siipendi. Ni kweli Jenerali mwenyewe, Zuo Zongtang, alifariki 1885 bila kuionja. Aliyeibuni ni Peng Chang-kuei, mpishi wa Hunan aliyehamia Taiwan 1949, kisha akafungua mkahawa New York miaka ya 1970. Yake haikuwa na sukari; utamu uliingia Marekani. Kuku wa machungwa naye alitoka kwa Panda Express mwaka wa 1987, huko Hawaii.

Sasa? Chapati ilitoka India na leo hakuna sherehe ya Kenya bila chapo. Chakula husafiri, kikabadilika, kikapata wenyewe wapya. Hata kung pao ilipitia hayo. Imebeba cheo cha Ding Baozhen, gavana wa Sichuan zamani, lakini Marekani ilipiga marufuku pilipili ya Sichuan, ile inayotia mdomo ganzi, kuanzia 1968 hadi 2005, kwa hofu ya ugonjwa wa miti ya machungwa. Wapishi wa huko wakalazimika kuipika bila kiungo chake kikuu. Kwa hivyo usichague kwa kutafuta "uhalisi." Chagua kwa kuangalia mfuko wako.

Na mfuko ndio hoja. Sisi tunaoishi kwa vibarua vya hapa na pale, tena wengine tuliacha chuo na hakuna HELB ya kusubiri, tunajua mkebe mmoja wa kuku ni ndondo-chapo za siku kadhaa kibandani. Si dhambi kujitibu mara moja moja. Dhambi ni kulipa bei hiyo halafu ule unga uliolowa huku ukijifariji kwamba picha ilitoka poa.

Na kama roho yako imeshikwa na kuku wa machungwa, pigia mkahawa simu kabla ya kuagiza. Waombe mchuzi wautie kwenye kikopo chake, umwagie mwenyewe ukifika. Wakikataa, unajua la kuchukua.